Mwenzetu alipiga goti wimbo wa taifa ukipigwa, mimi nahodha nikasema alikuwa anasali

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Humu mimi ni wa kuchungulia nyuzi za watu na kupita kimya, leo zamu yangu imefika. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Majina nimebadilisha, langu nimelificha kabisa, maana niko Mwanza hapa hapa na sura yangu watu wanaijua.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nne. Mkiona naruka ruka nivumilieni, sijatulia.

Mimi ni nahodha wa timu ya mpira ya kiwanda kimoja huku Nyakato. Si ligi kuu, lakini tuna mikataba, tuna kambi, na hatuna kazi nyingine zaidi ya mpira.

Kambini alikuwepo mama mmoja wa Misungwi, Mama Kulwa, aliyekuwa anafua jezi zetu. Mtu wa kucheka sana. Alijua jezi ya nani inachanikia wapi. Yangu huwa inaachia begani, na alikuwa anaishona bila kuombwa.

Msimu uliopita uongozi ukaleta kocha wa viungo kutoka nje, mzungu. Kazi anaijua, hilo simnyimi, pumzi niliyokuwa nayo mwaka ule sijawahi kuwa nayo maishani. Ila alikuwa na mambo yake. Chupa yake ya maji hataki iguswe. Taulo zake zisifuliwe pamoja na zetu. Sisi tukawa tunasema ndivyo walivyo, wanaogopa magonjwa. Tulikuwa wepesi sana wa kumtafutia sababu.

Sasa siku moja baada ya mazoezi, saa saba ya mchana, jua kali, Mama Kulwa akaja akachota kikombe cha maji kwenye dramu la maji baridi pembeni ya uwanja.

Kikombe kimoja tu.

Kocha akamwona. Akaja, akalibeba lile dramu, akalimwaga lote chini mbele yetu. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba maji ya wachezaji hayanywewi na nyani. Miezi mitatu alikuwa hajajua kusema "habari za asubuhi", lakini neno hilo alikuwa nalo.

Wakuu, mnajua tulifanya nini? Tulicheka. Si wote, lakini mimi nilicheka. Kile kicheko cha kutaka jambo lipite haraka. Mama Kulwa akaweka kikombe chini taratibu, akaenda kuanua jezi. Kesho yake akaambiwa asirudi, eti amekosa nidhamu kwa wageni.

Ambaye hakucheka ni Deo, beki wetu wa kati, Mhaya wa Muleba. Deo ni mtu wa maneno machache, ila akishika jambo hulichomoi mkononi mwake. Alienda kwa katibu wa timu mara mbili. Alitaka vitu viwili: yule mama aombwe radhi mbele ya wachezaji, na arudishwe kazini. Mara zote mbili aliambiwa acheze mpira.

Basi akaanza kutuonyesha klipu kwenye simu yake. Wachezaji wa Marekani, watu wenye majina makubwa, wimbo wao wa taifa unapigwa na wao wamepiga goti moja chini kupinga ubaguzi wa rangi. Wengine walipoteza timu kwa ajili hiyo. Deo alikuwa anaziangalia hata wakati wa chakula.

Mechi zetu za kawaida hazipigiwi wimbo wa taifa. Lakini tulikuwa tumeingia fainali ya kombe la mkoa, na mgeni rasmi anakuja, kwa hiyo wimbo ungepigwa.

Tukakaa ziwani kwenye mawe, watu saba, tunakula samaki. Deo akasema: "Tupige goti. Wimbo ukiisha waandishi watauliza kwa nini, tutawaambia habari ya Mama Kulwa. Hapo uongozi hauna pa kukimbilia."

Watu wakaogopa, ndiyo. Mwisho wote wakaniangalia mimi. Nikasema, "Nikishuka mimi, nanyi shukeni."

Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, hakuna aliyenilazimisha.

Siku ya fainali uwanja umejaa. Tumepanga mstari, mimi mbele kabisa jirani na waamuzi. Wimbo ukaanza. Mwili wangu ukakakamaa wenyewe. Sisi tuliosoma shule za msingi zile za mchakamchaka tunajua, ulikuwa unachapwa kwa kujikuna tu wimbo ukiimbwa. Nikawaza mkataba wangu unaoisha. Nikamuwaza mke wangu, mimba ya miezi saba. Nikajisemea ubeti wa kwanza upite kwanza, nitashuka wa pili.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya mimba ya mke wangu. Niliogopa.

Ubeti wa pili ukaanza, nikabaki wima. Wale watano walikuwa wananiangalia mimi, nao wakabaki wima. Kwa jicho la pembeni nikaona kichwa kimoja kinashuka, mtu wa tano kwenye mstari. Deo akapiga goti peke yake mpaka wimbo ukaisha.

Sasa hapa ndipo mtajua tunaishi wapi.

Wimbo ulipoisha tu, nahodha wa wapinzani akamkimbilia refa: "Refa, huyu kafukia kitu."

Mnajua mpira wetu na hizo kamati za ufundi, za waganga na dawa zao. Dakika moja haikupita, wapinzani wamegoma kuanza mechi. Kamisaa wa mchezo akaja na wasaidizi wake wakaanza kupekua nyasi pale goti lilipokuwa. Golikipa wao akatoa chumvi akaimwaga pale pale. Chumvi uwanjani ilitoka wapi, na yeye alikuja nayo ya nini, hakuna aliyeuliza. Mwisho wakapata kizibo cha soda chenye kutu. Kamisaa akakifunga kwenye leso kama ushahidi, ndipo mechi ikaanza.

Upande wa jukwaa kuu kulikuwa na kina mama wa kwaya, wao walidhani kijana anasali. Na kwa kweli wimbo wetu wenyewe ni sala toka mwanzo mpaka mwisho, huwezi kuwalaumu. Walimpigia makofi.

Deo alisimama pale katikati anajaribu kueleza, hakuna wa kumsikiliza. Mwandishi mmoja tu ndiye aliyemfikia wakati wa mapumziko. Akamuuliza kizibo kilikuwa cha nini.

Halafu, kwa balaa lake, akafunga. Kona, kichwa, dakika za mwisho, moja bila. Kombe letu. Wapinzani wakakata rufaa jioni ile ile, wakidai ushirikina.

Tukaitwa na kamati ya mashindano ofisini kwao Mirongo, mimi, Deo na katibu wetu. Kwenye korido katibu akatuweka kando. Akasema ikionekana ni dawa, tunanyang'anywa kombe. Ikionekana ni kuudharau wimbo wa taifa, Deo anafungiwa, na sisi viongozi wake hatubaki salama. "Semeni alikuwa anasali. Basi. Kila mtu anaelewa sala." Deo alikuwa anaangalia ukuta.

Nikaitwa wa kwanza. Mwenyekiti wa kamati mzee mmoja mpole, nikampa shikamoo, akaitikia vizuri, akaniuliza, "Nahodha, mwenzako alikuwa anafanya nini pale chini?"

Katibu alikuwa amenikazia macho.

Nikasema, "Alikuwa anasali, mzee."

Mwenyekiti akashusha pumzi kabisa, kama mtu aliyetua mzigo. Akasema sala si kosa.

Wakamwita Deo, mimi nikiwa bado nimekaa pale. Mwenyekiti akamwambia: "Nahodha wako ametueleza kwamba ulikuwa unasali. Ni kweli, au ametudanganya?"

Deo akanigeukia. Wakuu, ule mtazamo ninao mpaka leo. Hakuwa na hasira. Alikuwa anapiga hesabu. Akisema hapana, mimi ndiye niliyeidanganya kamati, mimi ndiye ninayefungiwa, na hali ya mke wangu anaijua.

Akasema, "Ni kweli."

Rufaa ikatupwa. Kule nje katibu anatupa mikono anatupongeza. Nikamfuata Deo, nikaanza kumwambia kwamba nilitaka kumwokoa. Akanikatiza, kwa sauti ya kawaida tu: "Ungesema hujui. Ungesema hujui, ningejisemea mwenyewe."

Hilo tu. Hajawahi kulirudia.

Wiki ile ile ukurasa wa timu ukatoa posta. Picha ya Deo amepiga goti, juu yake maandishi makubwa: TIMU INAYOMTANGULIZA MUNGU. Kocha wa viungo akaweka kopa tatu, zile alama za moyo, pale chini. Nilitamani kuivunja simu.

Deo aliondoka kabla mwezi haujaisha. Yuko kwao Muleba, migombani, anacheza mchangani. Nikimpigia anapokea, ananiulizia mtoto, anacheka vizuri tu. Bora angenitukana.

Mimi mkataba nilipewa mpya, ninao mpaka sasa. Mtoto yuko salama. Kila kitu nilichokiogopea kipo, na sikai nikatulia. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui naenda wapi. Mke wangu amechoka kuuliza.

Wiki iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka mechi Shinyanga. Basi la timu likasimama Usagara watu wanunue vitu. Nani anachoma mahindi pale? Mama Kulwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na bega la jezi, nani anakushonea?"

Nikachuchumaa pale kwenye jiko lake nikaanza kumweleza habari ya goti la Deo. Kumbe ile posta aliiona kwenye simu ya binti yake. Akasema, "Nilifurahi. Nikasema afadhali, kumbe wanangu wanasali."

Nikamwambia haikuwa sala. Nikamwambia Deo alipiga goti kwa sababu ya yale maji, na hiyo sala niliitunga mimi mbele ya kamati.

Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Kwa ajili yangu mimi?"

"Ndiyo mama."

Akageuza mahindi yake yote, moja moja. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mimi nilijua mlisahau siku ile ile. Nimekaa na lile neno peke yangu mwaka mzima." Kisha akaniangalia. "Na wewe ndiye uliyesema anasali."

"Ndiyo mama."

"Sasa hao uliowaambia, umewarudia?"

Dereva akapiga honi. Nikapanda basi.

Nilichojifunza, wakuu: mimi nilijiona namwokoa rafiki, kumbe nilimnyang'anya yeye kitu alichokubali kukilipia, na yule mama nikamnyima kujua kwamba kuna mtu alimtetea. Uongo wangu ulikuwa wa upole, kila mtu aliupenda, na ndiyo maana ulifanya kazi vizuri hivyo.

Barua nimeshaandika, naipeleka Mirongo kesho asubuhi. Nimeanza na humu makusudi, maana najijua. Nikishasema hadharani, sitapata njia ya kurudi nyuma. Kitakachotokea kwa mkataba na kitokee. Mke wangu ameisoma barua, akasema nende.

Kama umewahi kumsemea mtu uongo ukidhani unamsaidia, weka hapa chini ilikuwaje. Wa kunichana nao karibuni, nitasoma yote, sitajibishana na mtu.

Ila hili moja liandikwe sawasawa. Deo hakuwa anasali. Alipiga goti kwa ajili ya Mama Kulwa, na nahodha wake alikuwa amesimama.