Abiria wa Kiwanda cha Nyuzi

Madereva wenzake walimwita Mama Taratibu, maana kwa miaka ishirini na sita hakuna abiria aliyewahi kumwagikiwa na chai ndani ya basi lake. Lilikuwa basi refu lisilo na ghorofa, siti arobaini na moja, na yeye akishaketi kwenye usukani alijua kwa kiuno tu nani kapanda na nani kashuka. "Huyo wa mlango wa nyuma kanenepa tangu juzi," angesema bila kugeuka, na basi zima linaangua kicheko.

Sasa sikilizeni. Kiwanda cha nyuzi kilipofungwa, kituo chake nacho kiling'olewa, nguzo na benchi. Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, basi tupu, pale pale kilipokuwa kituo kengele ya kushukia ikalia. Mama Taratibu akasimama kwa mazoea, akafungua mlango. Hakuna aliyeshuka. Lakini basi likainuka kidogo, vile linavyoinuka mtu mzima akiteremka.

Kesho yake, vivyo hivyo. Fundi wa karakana akakagua kila kitufe na kila waya.

"Dada, gari zima hili. Labda usingizi."

"Usingizi gani unapunguza uzito wa basi, wewe?"

Meneja wa stendi hakuona la kuchekesha. Kusimama pasipo na kituo ni kosa, na Mama alikwisha kupewa barua mbili za onyo.

"Ya tatu, mama, nakutoa barabarani. Utakaa dirishani ukate tiketi. Kesho napanda mwenyewe."

Nyumbani mumewe akamsihi. "Ipuuze tu hiyo kengele, mke wangu. Wewe wa kukaa dirishani? Likizo yenyewe, siku ya tatu ulikuwa unaendesha kiti cha jikoni!"

Wakacheka, lakini si sana.

Asubuhi meneja akaketi siti ya mwisho, mikono juu ya magoti. Walipofika kiwandani, kengele ikalia. Mama akatupa jicho kwenye kioo: mikono ya meneja iko magotini. Akapita. Kengele ikalia tena. Na tena, haraka haraka, kama kidole cha mtu anayeona kwake kunabaki nyuma. Kisha kimya. Upande wa mlango, basi likawa zito.

Mwisho wa njia meneja akaja mbele. "Umefanya vizuri," akasema. Kufika mlangoni akapita ubavu ubavu, kama anayempisha mtu, akajishtukia, akateremka mbio.

Mama alibaki ameshika usukani. Kazi yake ilikuwa salama. Lakini basi bado lilielemea mlangoni, na katika miaka yote ile hakuwahi kumpitiliza abiria hata mmoja.

Akageuza gari. Penye magugu ya kiwanda akasimama, akafungua mlango, akangoja kama anavyowangojea wazee.

"Samahani kwa kukupitiliza," alisema. "Shuka salama."

Basi likainuka.

Akachukua redio ya mawasiliano kwa mkono wake mwenyewe. "Meneja, nimesimama pasipo na kituo."

Redio ilikoroma.

"Ameshuka?"

"Ameshuka."

"Haya," meneja akasema, kwa upole ambao Mama hakuwahi kuusikia kwake. "Leta funguo, mama."