Mbuzi ya Bakwe Imegeuka Uji

Jiografia ya kwetu haihitaji profesa. Chini, kwenye joto la Beni, vitu vinaota. Juu, kwenye baridi ya Butembo, pesa inalala. Katikati kuna barabara, kazi yake ni kutikisa watu mpaka wasahau walichokuwa wanalalamikia.

Florentine ni wa chini. Tangu usichana wake anachanja mapapai mabichi pembeni ya komini Ruwenzori, anakinga maziwa yake na kuyaanika mpaka yawe unga, papaini. Maziwa yale yamekula vidole vyake. Siku ya kujiandikisha kupiga kura, mashine ilitafuta alama za vidole ikakosa, ikatangaza kwamba mama huyu hayupo duniani.

Unga anamuuzia Zorobabel, mfanyabiashara wa Kimemi, kule Butembo, ambaye anaupeleka Ulaya. Siku moja alimuuliza Wazungu wanaufanyia nini.

"Banatiaka ku nyama, mama. Inakuwa laini sawa mukate!"

Kiasi gani, hakuuliza. Zorobabel naye asingejua, maana hajawahi kugusa ila mifuko.

Basi Sagesse, mtoto wa ndugu yake Zorobabel, anayemwita tonton, akampenda Jemima, binti wa Florentine. Siku moja kabla ya sherehe ya mahari, bakwe, yaani wakwe kutoka Butembo, wakatanguliza mbuzi.

"Kitoto kabisa," Zorobabel akasema. "Bado inanyonya!"

Kufungua mbuzi ya bakwe kinywa ni kuwatukana, kwa hiyo hakuna aliyechungulia meno kujua umri wake. Lakini walipoichinja, kisu kiligoma.

"Hii ni mbuzi ao ni mupira ya lori?" Florentine akamuuliza dada yake, Katungu.

Hofu ikamshika. Kwetu nyama ile inagawanywa mbele ya wote, na anayepokea kipande chake ndiye aliyekubali ndoa. Nani atapokea kitu kisichotafunika? Akakumbuka maneno ya Zorobabel. Akachota unga mikono miwili, akapaka mbuzi mzima, kichwa na vyote, akauacha ulale.

Kesho yake, baada ya kupika, sufuria ikawekwa katikati ya bakwe. Katungu akafunua.

"Yesu! Dada, nyama iko wapi?"

Ndani kulikuwa na uji wa kahawia, mifupa ikiogelea.

Zorobabel alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Tumeleta mbuzi, munaturudishia bouillie? Paja yangu iko wapi? Ndoa nitaikubali na kijiko?"

Jemima akaanza kulia. Sagesse akatazama viatu vyake.

"Mama, ulitia nini humu?" Zorobabel akamuuliza Florentine.

"Unga yako, tonton."

"Papaini? Inakulaka nyama hivi?"

"Miaka yote unauzisha, hata haujue?"

"Bon, kipande hakuna, ndoa hakuna! Tunapanda gari!"

Katungu, kwa kukata tamaa, akakoroga chini akitafuta hata kipande kimoja cha kuokoa ndoa. Kilichotoka ni kichwa. Unga ulikuwa umekisafisha mpaka kikawa cheupe kama sahani ya padri. Taya ikaning'inia wazi: meno ya mbele yote yameondoka, kimebaki kisiki kimoja, cha njano.

Wote pale wamewahi kununua mbuzi sokoni, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Ésaïe, baba wa bibi arusi, akainama akakitazama karibu.

"Tonton alisema ukweli. Mbuzi hii ilikuwa bado inanyonya. Ingetafuna na nini?"

Hata bakwe walicheka. Zorobabel akaokota kiti chake, akakaa, mdomo wazi kuliko ule wa mbuzi.

Jumamosi iliyofuata alishuka tena Beni. Kabla ya kusalimia mtu, alimfungua mbuzi mpya kinywa yeye mwenyewe, akamzungusha ili kila mmoja aone. Florentine akampika kwa maji na chumvi tu. Paja likamfikia Zorobabel likiwa zima.

Alilinusa kwanza. Halafu akalipokea kwa mikono miwili, na Jemima akawa ameolewa.