Nilivyosoma Meseji za Shangazi

Shangazi yangu wa Mahongole aliponunua simu kubwa, mimi ndiye niliyemwekea WhatsApp. Na kwa kuwa ni mtu wa kujituma, nikaiunganisha na simu yangu pia, bila yeye kujua. Nilijiambia ni kwa usalama wake. Ukweli ni kwamba alikuwa mjane wa miaka mingi, na mzee mmoja muuza dagaa wa Manda alikuwa ameanza kumwandikia.

Yule mzee alikuwa anaandika! Asubuhi salamu, mchana salamu, jioni hali ya ziwa. Nadhani Ziwa Nyasa halikupiga wimbi hata moja bila shangazi kupewa taarifa. Kisha siku moja: "Nataka kuja kujitambulisha kwa kaka yako."

Hapo nikayaona maharage anayonipikia kila Jumapili yakihamia Manda. Shangazi alikuwa shambani. Nikajibu kana kwamba ni yeye, "Usije. Nimeghairi," halafu nikafuta meseji zote mbili, shangazi asizione.

Mzee akanyamaza. Shangazi naye hakuandika. Mwanamke wa heshima, alisema, hamfuati mtu. Ila alikuwa anaitazama simu kama mbegu anayosubiri iote.

Wiki mbili baadaye, kwenye darasa letu la jioni pale Mjimwema, mwalimu wa uraia akafika kwenye makosa ya mawasiliano: kuingilia meseji za mtu, kunasa mazungumzo yake, kujifanya yeye. Njombe baridi ya kugandisha hata chaki, mimi natiririka jasho.

"Mwalimu, na kama ni shangazi yako?"

"Faini, kifungo, au vyote viwili. Sheria haina shangazi."

Darasa zima likageuka kunitazama.

Kesho yake nilikuwa Mahongole. Nikamkuta anamenya viazi, nikapiga magoti, nikasema yote. Hakuinua kisu, ingawa mimi nilikiona kimeinuka.

"Kumbe mwanangu umesoma," alisema. "Umesoma mpaka meseji zangu."

"Nisamehe, shangazi. Hata ukinishtaki, ni haki yako."

"Nikushtaki, halafu nani akuletee chakula gerezani? Si ni mimi tena! Mpigie. Weka spika. Mwambie kama ulivyoniambia."

Nikamwambia.

"Kijana," mzee akasema, "kwa hiyo yeye hakughairi?"

Shangazi akaninyang'anya simu, akazima spika, akatokomea kwenye mahindi. Nikabaki na viazi. Masikio yangu yalirefuka, naapa, yakafika ukingo wa shamba, nikayarudisha.

Aliporudi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge, huku anacheka.

"Kwanza itoe hiyo simu yako kwenye yangu, nikiona. Halafu nenda kamwambie baba yako Jumamosi tuna mgeni kutoka Manda. Sisi tutakaa sebuleni. Wewe utakuwa jikoni."