Seli ya Mundu

Mama yangu aliamini nina magonjwa mawili: sikoseli, ambayo nilizaliwa nayo, na uvivu, ambao nilijitafutia mwenyewe. Wa kwanza aliuheshimu. Mifupa ikianza kuniuma, hata kama ni msimu wa kuvuna, aliacha shamba akanikanda kwa maji moto. Lakini nikisimama kuhema kwenye ule mlima wa kutoka barabarani hadi kwetu Mbooni, alinipita na mtungi wa maji mgongoni bila kugeuka.

"Mifupa inauma, sawa," alisema. "Na kupumua nako kunauma?"

Wamama wa kanisa walishaniwekea mikono kukemea roho ya uvivu. Roho yenyewe haikutoka. Labda nayo ilikuwa imeishiwa na pumzi.

Nilipoingia utu uzima kifua kikaanza kupiga filimbi. Wengine wakasema ni pumu, wengine wakasema ni baridi ya huku juu, mwishowe nikatumwa kliniki ya kifua mjini. Mama akasema atanisindikiza, nisije nikamdanganya daktari. Ugonjwa sikuuogopa, nilishauzoea. Nilichoogopa ni kurudi nyumbani na majibu kwamba sina kitu, halafu niupande ule mlima na mama yangu mpaka kufa kwangu, mimi nikiwa mvivu mwenye cheti.

Daktari alikuwa kijana wa Pwani, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka unaona haya kukijibu. "Mama," akasema, "bintiyo ana selimundu, na huenda imemfika mapafuni."

Sasa, mundu huko kwao ni kile chombo cha kukatia nyasi, kilichopinda kama chembe zangu za damu. Kwetu Ukambani, mundu ni mtu. Mama akamtazama yule kijana kwa huruma.

"Daktari, huyu nimemzaa mimi. Ulitaka awe na seli ya mbuzi?"

Daktari alicheka, akaeleza yote vizuri, na mama akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikia mahubiri ya mgeni.

Nikabanwa pua, nikapewa mrija wa mashine. Vuta, jaza kifua, sasa puliza, puliza, usiache! Nikapuliza mpaka nikaona nyota. Kwenye kioo mstari ukapanda kidogo, ukalala.

"Hajajaribu huyo," mama akasema. "Mpe tena."

Nikarudia, ukalala palepale. Machozi yalikuwa karibu.

"Lete nimuonyeshe."

Sijui ni adabu au uchovu, daktari akabadilisha mrija akampa. Mama, mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu, alipuliza kama anayewasha kuni mbichi. Mstari ukapaa. Akanigeukia kwa ushindi, kama kawaida yake.

Daktari akaweka michoro yetu kando kwa kando. "Haya ni mapafu yako, mama. Haya ni ya bintiyo. Njia zake za hewa zimevimba kwa ndani, na mapafu yameumia kidogo kidogo. Anajitahidi kuliko wewe. Hewa ndiyo haipiti."

Mama akaivuta ile michoro karibu na macho. "Tangu lini?"

"Miaka mingi."

Nilipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, nikaambiwa itafungua njia lakini haitanipa mapafu mapya. Boda boda ikatuacha pale barabara inapoishia, tukaanza kupanda, mama mbele.

Sijafika hata kwenye jiwe langu la kupumzikia, akasimama. Akashika kiuno.

"Ngoja, mwiitu wakwa, binti yangu. Nimechoka."

Hakuwa anahema hata kidogo. Tukakaa kwenye nyasi, mimi nikivuta pumzi, yeye akichunguza kiatu kisicho na kasoro yoyote. Kiongozi wa wale wamama wa maombi akapita akishuka, akatuona, akacheka.

"Hee, ile roho sasa imekuhamia wewe?"

"Napumzika," mama akamjibu. "Kwani mimi si mundu?"