Mama Robi na Ukurasa Uliofungia Karanga

Watu wa Mwisenge, mtaa wa Musoma, walimjua Wankyo kwa karanga zake za kukaanga na kwa wasiwasi wake. Wingu likitanda, yeye ndiye wa kwanza kuanua nguo. Mgeni akipita mara mbili mbele ya genge, yeye ameshamwona na kumweka kichwani. Mumewe Magesa alipofariki kule Butiama, alifunga mlango wa nyumba, akaja Musoma kukaa kwa binti yake mkubwa, Robi. Hapo ndipo alipoanza kukaanga.

Ilikuwa miaka ile sabuni inaanza kuonekana tena madukani na mitumba inamwagwa sokoni, lakini karatasi ya kufungia bado ilikuwa shida. Felisian, mtunza vyombo vya kanisa, alimpa kitabu kikuukuu kisicho na jalada, kilicholoa mvua stoo.

"Hiki hakina msomaji tena, mama. Fungia karanga."

Kilikuwa cha Kiswahili, habari za wafalme wa Ulaya wa zamani. Wankyo aliishia darasa la nne, na alisoma huku midomo ikicheza. Lakini hakuchana ukurasa bila kuupitia kwanza, isije ikawa ni maneno ya Mungu.

Hivyo ndivyo alivyokutana na Mfalme Henri wa Uingereza. Mwanawe wa kiume, wa pekee wa ndoa, alizama baharini. Chombo kilichojaa walevi kiligonga mwamba. Wankyo alitikisa kichwa. Vifo vya namna hiyo watu wa ziwani hawaelezwi mara mbili. Akabaki binti, Matilda. Mfalme akawaita wakubwa wa nchi, akawaapisha kwamba akifa watamkubali huyo binti akalie kiti.

Wankyo akaacha kukoroga karanga. Magesa naye, akiwa mgonjwa kitandani, aliwaita ndugu zake, wakaapa mmoja mmoja kwamba nyumba na shamba vitakuwa vya Robi, kwa kuwa hawakujaliwa mtoto wa kiume. Aliyeapa wa kwanza, tena kwa sauti, alikuwa shemeji yake Mwikwabe. Na juzi habari zilikuwa zimemfikia: Mwikwabe ameita kikao Jumamosi, kujadili "nyumba isiyo na mwenyewe."

Je, wale wakubwa walishika kiapo chao? Akafunua haraka. Ukurasa uliofuata haukuwepo; alikuwa ameuchana asubuhi, baada ya kuona tu kwamba si maneno ya Mungu.

Asubuhi ile mteja alikuwa mmoja tu, Luhende, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Wankyo akaepua sufuria, akavuka.

"Fundi, ile karatasi ya karanga iko wapi?"

"Mama Robi! Karanga nimeshakula, unataka nizitapike?"

"Karatasi, baba. Karatasi tu."

Luhende akainama, akaichomoa chini ya mguu wa cherehani, alikoisokomeza isiyumbe. "Kumeandikwa nini, dawa?"

"Kuna mfalme amebaki na binti. Sasa mimi nashangaa, mke wake alikaa tu. Kwa nini hakuoa?"

"Nani hakuoa?"

"Mke wa mfalme! Si angetoa ng'ombe, aoe msichana amzalie? Kwetu mama asiye na mtoto wa kiume anaoaga, na watoto wanakuwa wa nyumba yake."

Luhende, Msukuma ambaye mambo hayo yalikuwa bado yanamshangaza, alicheka mpaka akashika meza. "Wazungu na ujanja wao wote, hilo halikuwajia!"

Wankyo hakucheka. Alikuwa ameshaanza kusoma. Mfalme alipokufa, Matilda alikuwa ng'ambo ya bahari, nchi ya mumewe, mjamzito. Stefano, mpwa wa mfalme, aliyeapa pamoja na wenzake, hakungoja hata mazishi. Alivuka maji, akavishwa taji. Na wakubwa wale wale walioapa wakampigia magoti.

"Alikuwa mbali," alisema Wankyo taratibu. "Fundi, mwambie Robi nimekwenda Butiama."

Alhamisi alifagia nyumba, akawasha moto kwenye mafiga yaliyopoa mwaka mzima. Ijumaa mchana Mwikwabe akatokea anaswaga ng'ombe wawili kuja kuwafunga uani. Alipoona moshi akasimama.

"Shemeji! Umekuja kwa kikao?"

"Nimekuja nyumbani."

"Aa, hayo wazee watasema kesho."

"Nitakuwepo. Nitawataja mlioapa, na kila mtu alikuwa amekaa wapi. Nitaanza na wewe, uliyekuwa kwenye kigoda."

Mwikwabe akakohoa. "Usikasirike, Mama Robi. Nyumba bila mtoto wa kiume inazimika, unajua mwenyewe."

"Ikimtaka mtoto wa kiume, nitaoa. Robi na mimi tutamlea. Kuna wa kunikataza?"

Hakuwepo. Hiyo ilikuwa desturi ya babu zake Mwikwabe mwenyewe. Aliutazama moshi, akawatazama ng'ombe, kisha akawageuza njia waliyojia.

Kikao cha Jumamosi kilikwisha kabla ugali haujaiva. Wazee walikumbushana kiapo, wakaomba maji ya kunawa. Mwikwabe alikula kuliko wote.

Walipoondoka, Wankyo aliosha vyombo. Akakaa mlangoni na kilichobaki cha kile kitabu, alichokuja nacho, ambacho sasa hakingefungia karanga tena. Alitaka kujua yule binti alifanyaje. Midomo ikicheza, kidole kikifuata mstari, akakuta Matilda ameshapanda chombo, anarudi.