Fundo la Mama Lililovuka Mpondwe

Sisi tuliokulia Bwera, mpakani na Kongo, miaka ya sitini hatukuhitaji kalenda kujua kwamba kesho ni siku ya soko. Pua ilitosha. Jioni ya kuamkia soko kila ua ulikuwa na harufu yake. Kwa jirani ilikuwa kahawa iliyoanikwa mikekani, ng'ambo ya kijito ilikuwa pombe ya ndizi, na kwetu ilikuwa samaki wa chumvi. Harufu yetu ilizishinda zote. Wenzangu shuleni waliniuliza kama ninalala na ngege, yaani sato, kitanda kimoja, nami niliwajibu kwamba afadhali ngege kuliko kaka zao. Tulicheka, tukagawana muhogo wa kuchoma, mambo yakaisha.

Kwetu Bakonzo jina hufuata kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, na hakuna wa kubishana na hilo. Mwalimu akiita Biira, nusu ya safu ya wasichana ilisimama. Kwa hiyo mimi niliitwa Biira wa Mama Hamukungu, kwa sababu mama yangu alikuwa akienda Hamukungu, kijiji cha wavuvi kule Ziwa George, kununua ngege wabichi. Aliwapasua, akawatia chumvi ya Katwe, akawaanika mpaka wakakauka kama viatu vya askari, ndipo akarudi nao Bwera kwa lori. Baba alikuwa na kahawa yake mlimani na maneno machache. Maneno ya nyumba yetu yote alikuwa nayo mama.

Kabla usiku haujaingia tulikuwa uani tukifunga mafurushi. Masika na mimi tulisokota kamba za migomba, mama akawaviringisha samaki katika majani makavu, kisha akafunga. Enzi zile kila mwanamke wa biashara hii alikuwa na fundo lake, na wanunuzi wa upande wa Kongo walijua samaki wa nani kabla hawajanusa. Fundo la mama halikuwa na mkia. Ncha za kamba aliziingiza ndani zikapotea kabisa, na wachukuzi wa Mpondwe, pale mpakani, walisema fundo lile linahitaji panya, si mtu. Lakini ukijua pa kubonyeza kwa kidole gumba, lilifunguka lenyewe. Ole wako ukishika kisu. Mama alikuwa na msemo wake, na aliusema kwa Kiswahili cha soko ingawa nyumbani tuliongea Lhukonzo: "Fundo haikatwi. Inafunguliwa." Kamba nzima ilirudi kufunga mzigo mwingine, na mtu aliyekata kamba alionekana hana malezi.

Hata michezo yetu ilikuwa ya mpakani. Watoto wa siku hizi wana magari yanayokwenda kwa betri na bado wanalalamika kwamba hawana la kufanya. Sisi tulilaza fimbo njiani, ikawa kizuizi cha forodha, na mmoja akawa afande. "Fungua mzigo!" Masika ndiye aliyekuwa afande daima, kwa sababu ya sauti yake. Mimi nilibeba ua la mgomba kichwani nikilia kwamba nyumbani nimeacha wagonjwa, na afande Masika hakuwahi kunihurumia hata siku moja.

Kisha milimani hali ikachafuka, watu wetu wakipigana na serikali. Askari wakawa wengi, shule yetu ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameolewa Beni, upande wa Kongo, na nyumba yake haikuwa na mtoto. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea samaki wa mama na kuwauza soko la kule, na mama akapokea kwake vitenge na mafuta ya mawese. Baba akaamua niende kwa shangazi, nisome kwa masista. Mama hakubishana naye mbele yetu. Alisokota kamba siku ile peke yake, akatuambia tukacheze.

Asubuhi ya safari alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, mikono iliyonuka chumvi. Nilikuwa nikilia na nilimwuliza nitajuaje kama yeye ni mzima. Akanijibu kwa Kiswahili kilekile cha soko, kana kwamba tunafanya biashara mimi na yeye: "Ukiona fundo yangu, ujue niko."

Beni nilitendewa vizuri, sina la kulaumu. Nilikula sombe, kisamvu cha kule, iliyopikwa kwa mawese, nilijifunza Kifaransa cha masista, na nilijifunza kusema mutoto na mutu mpaka Kiswahili changu cha Bwera kikachekwa. Shangazi alinipenda kwa kelele. Lakini mtoto anaweza kushiba na bado akawa na njaa ya kwao. Siku ambayo lori la Papa Kambale, dereva aliyeleta mizigo ya mama, lilitarajiwa kutoka Kasindi mpakani, sikusikia neno darasani. Nilikimbia moja kwa moja sokoni. Shangazi alikuwa haruhusu mtu mwingine kugusa furushi la kwanza. Lilikuwa langu. Nilibonyeza kwa kidole gumba, fundo likaachia, harufu ya uani kwetu ikatoka, na moyo wangu ukatulia mpaka lori la pili.

Nilipokuwa darasa la tano, mpaka ulifungwa. Ulikuwa na tabia hiyo, kufungwa na kufunguliwa, lakini safari hii ulikaa. Wiki zilipita bila lori. Shangazi aliuza chumvi na sabuni, mimi nikakonda. Usiku niliota nimeshika furushi lisilo na kamba. Nilikuwa na hakika mama amekufa na hakuna anayeniambia.

Kisha siku moja honi ya Papa Kambale ikasikika. Sikumbuki niliuacha wapi mkoba wangu wa shule. Nilifika nikapanda juu ya lori kabla hajazima injini, nikatafuta, na lilikuwapo: fundo lisilo na mkia. Nilicheza pale juu ya mzigo mbele ya soko zima. Niliimba kwamba mama yuko, mama yuko. Wanawake wa soko walinitazama na hakuna aliyepiga vigelegele, nami nilidhani ni kwa sababu bei ya samaki imepanda. Papa Kambale, ambaye kwa kawaida alinikaripia nisikanyage bidhaa, alinishusha taratibu akanipa mua mzima.

Jioni tulipika. Nilionja, nikamwambia shangazi kwamba mama ameanza kuzidisha chumvi, wakati yeye ndiye aliyekuwa akimpiga Masika mikono kwa kosa hilo. Shangazi alikuwa ameshika kijiko. Alikiweka chini.

"Kula tu, mutoto wangu," akasema. "Mukono ya mutu inachokaka."

Akatoka nje kuosha sufuria ambayo bado ilikuwa na chakula.

Nilisoma mwaka ule na uliofuata kwa bidii, nikifungua mafundo, nikila samaki wenye chumvi nyingi. Nilifaulu mtihani wa darasa la sita, ambao kule ndio wa kumaliza shule ya msingi. Shangazi akanivalisha kitenge kipya akanipeleka nyumbani mwenyewe. Kwenye daraja la Mpondwe mchukuzi mzee aliyenijua tangu mdogo alivua kofia nilipopita. Niliona fahari. Nilidhani ni kwa ajili ya cheti changu.

Nyumbani Masika alikuwa ameketi uani, mafurushi yamemzunguka, na mikononi mwake alikuwa akifunga. Nilisimama nikamwangalia. Alizungusha kamba, akaingiza ncha, zikapotea ndani. Alifanya haraka, bila kutazama, kama mtu aliyezoea. Nikamwuliza mama yuko wapi, kama ameenda Hamukungu. Masika alilikumbatia lile furushi. Baba ndiye aliyetoka ndani, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya miti ya kahawa. Hakukuwa na udongo mpya pale. Nyasi zilikuwa zimeota, zimekatwa, zimeota tena.

Mama aliugua kifua wakati mpaka umefungwa. Alizikwa kabla haujafunguliwa. Kabla sauti haijamkauka alimwita Masika, akamwekea kamba mikononi, akamfundisha fundo mpaka akaliweza, akasema Biira asiambiwe mpaka amalize shule. Na kila mtu aliyeshika mzigo ule alijua. Wachukuzi wa Mpondwe walijua. Papa Kambale alijua. Wale wanawake wa Beni walioniona nikicheza juu ya lori walijua kwamba ninacheza juu ya msiba wangu.

Nilimkasirikia Masika kuliko nilivyomlilia mama. Nilimwambia kwamba ameniibia matanga yangu, kwamba ndugu wote walikaa chini wakanyolewa nywele, na mimi nilikuwa nakula miwa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama alisema nifunge," akajibu. "Nilifunga nikilia. Wewe ulifungua ukicheka. Nani kati yetu alimzika mama mara nyingi zaidi?"



Watu walitarajia kwamba kwa Kifaransa changu nitakuwa sista, au angalau mwalimu. Baba alitaka unesi. Nilipomaliza sekondari, miaka ile mibaya ambapo sukari ilipatikana kwa kujuana na kila mtu alikuwa mfanyabiashara kwa lazima, nilisema ninataka kusomea biashara ya nchi na nchi. Wakacheka. Waliniuliza kama watu wa magendo nao sasa wanahitaji cheti. Kwenye usaili wa chuo mzee mmoja mwenye miwani aliniuliza kwa upole ni nini kilichomsukuma binti wa Bwera kufikiria mambo kama hayo. Nilikuwa nimekariri majibu mazuri juu ya kahawa na shaba ya Kilembe na fedha za kigeni. Yalikimbia yote. Nikamwambia kwamba niliishi Kongo nikiwa mtoto, na mama yangu alikuwa akiuza samaki kule. Akangoja niendelee. Nikamwambia ni hayo tu. Akaandika kitu, akanishukuru, na nikapata nafasi.

Nilichotaka kumwambia ni hiki. Kati ya Hamukungu na Beni kulikuwa na watu wa nchi mbili, wengine hawakusikilizana lugha, wengine walipunjana kwenye mizani kila wiki, na watu hao wote walikubaliana kubeba uongo mmoja kwa uangalifu, furushi kwa furushi, ili mtoto asiyekuwa wao amalize shule. Nilitaka kusoma mpaka niwaelewe. Nilidhani somo hilo lipo chuoni. Tulifundishwa meli, bima, ushuru na hati za mizigo, na nilivipenda, vimenilisha maisha yangu yote na vimesomesha wanangu. Ila Papa Kambale hakutajwa hata mara moja.

Siku hizi mpaka wa Mpondwe una majengo ya vioo na foleni ya malori usiyoweza kuona mwisho wake. Mizigo inafungwa kwa plastiki, ina namba, na mjukuu wangu anaweza kukuambia kwa simu iko wapi saa hii. Ana mama yake Ulaya. Wanaonana usoni kwa simu kila jioni, na baada ya dakika mbili naona kila mmoja anatazama kitu kingine. Nikimwambia kwamba mimi niliongea na mama yangu kwa kidole gumba, ananiuliza kama hapakuwa na mtandao. Simlaumu. Mama yake akinyamaza siku moja tu, atajua siku hiyohiyo. Hatadanganywa kama mimi. Mara nyingine nafikiri ni heri kwake. Mara nyingine nafikiri hakuna barabara nzima itakayomhurumia hivyo.

Masika na mimi tulipatana, polepole, kwa miaka, bila kikao. Aliendelea na samaki mpaka magoti yakamkatalia, na kila Krismasi alinitumia furushi. Tulimzika mwaka jana, nyuma ya kahawa, karibu na mama. Safari hii nilikuwapo. Nilikaa chini, nilinyolewa, nililia matanga mawili kwa pamoja.

Tulipokuwa tukipanga vitu vyake nilikuta furushi moja juu ya dari, tayari, likiwa halijapelekwa popote. Nilijua ni langu. Nilirudi nalo nyumbani likakaa jikoni wiki nzima, wajukuu wakiziba pua. Ndipo nikatambua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kamwe: fundo lile mimi sijawahi kulifunga. Maisha yangu yote nimelifungua tu. Nikaketi mezani na miwani yangu, nikalifungua polepole kuliko siku zote, nikifuata kila mzunguko ili nijifunze kwa kurudi nyuma. Kidole gumba kilibonyeza pale pale. Kamba ikaachia yote mara moja, kama ilivyokuwa ikifanya sikuzote, ikabaki mkononi mwangu imenyooka. Nilijaribu kuirudisha mpaka ikakatika.

Samaki tuliwapika. Chumvi ilikuwa nyingi mno, watoto wakaacha. Mimi nilimaliza sahani.