Mkono wa Msalaba

Asubuhi ya mwisho Conjesta alichemsha viazi. Ilikuwa baridi ya mwezi wa saba. Huku kwetu Mahongole ukungu ulikuwa umelala hata banda la kuku halionekani. Nilikuwa naenda Njombe, Mjimwema, kumpelekea binti yetu Letisia maharage. Mke wangu akajaza chupa ya chai, akafunga viazi kwenye kitambaa, akaviweka juu ya maharage.

“Baba Leti, ukifika Njombe usikae penye kioo.”

“Njombe si kwetu?”

“Kioo ni kioo.”

Nikacheka, nikaondoka. Saa nane mchana jirani yetu Fidelis akanipigia simu kwamba Conjesta hayupo tena. Chai yake nilikuwa sijaimaliza, na bado ilikuwa ya moto.

Ana miezi mitano sasa kaburini. Udongo haujatulia, kwa hiyo kaburi hatujalijenga. Msibani watu walisema alikuwa mpishi mzuri. Ni kweli. Alipika miaka thelathini na moja stendi ya Makambako, nyuma ya maduka. Lakini liko jambo alilolifanya nchi ya watu, na kwetu huku nimebaki mimi tu ninayelijua. Nalisema lisipotee.

Conjesta alikuwa na kaka mmoja, Lenard. Alikwenda Zambia kufanya kazi ya reli, kwenye mji wa Mpika, na huko akafa mwaka 1989. Hatukuwa na nauli. Wenzake walimzika, wakaandika barua kwamba wameweka msalaba wa mti. Mama mkwe wangu aliijua miti na aliwajua mchwa. Siku anakata roho alimshika Conjesta mkono akasema, “Lenard asilale bila jina.”

Basi Conjesta akaanza kuweka. Aliweka kwenye kopo la maziwa, miaka kumi na saba. “Hii siyo hela,” alikuwa akisema, “hii ni simenti.” Mifuko miwili, nondo, ujira wa fundi, na nauli yetu. Nilipoumwa henia hakuligusa kopo, aliuza mbuzi. Kopo hilo ninalo. Sasa hivi haliko tupu.

Tulipanda treni Makambako miaka sita iliyopita, baada ya kuvuna. Alibeba maharage ya Njombe debe zima, viazi vya kuchemsha na chupa ya chai. Behewa la chakula hakuliangalia. Kijana mmoja mwenye suti akamwambia, “Mama, unakwenda nje ya nchi na viazi?”

“Viazi haviulizwi pasipoti, mwanangu. Wewe ya kwako umeshaigonga muhuri?”

Watu wakacheka. Kijana naye akala kiazi kimoja, halafu viwili.

Kesho yake tukashuka Mpika. Chai ilikuwa imeisha. Conjesta akaona bomba la maji upande wa kanisa, akaniambia nikae juu ya mzigo akanawe uso. Nikakaa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mgahawa wa vioo, vitambaa vyeupe mezani. Binti akasimama mlangoni akaninyooshea mkono. “Mwaiseni,” akasema. Lugha yao sikuijua, lakini karibu naijua kwa lugha yoyote.

Kwetu Ubena ukikaribishwa unaingia. Ukiwekewa chakula huulizi kinauzwaje, utamwaibisha mwenye nyumba. Nikaingia na mzigo wangu. Ikaja chai. Sikuomba mkate, ukaja. Sikuomba mayai, yakaja. Nilimshukuru Mungu kwa watu wakarimu namna ile. Nilipomaliza ikaja karatasi.

Kusoma sisomi sana, lakini namba nazijua tangu nikiwa kuli, ziliandikwa kwenye magunia. Nikaiona namba. Nikakaa hapo hapo.

Conjesta akaingia, uso una maji bado. Akachukua karatasi, akaitazama. Akafungua fundo la kitenge chake akalipa kwa zile za simenti tulizobadili mpakani, maana nyingine hatukuwa nazo. Tukatoka nje.

“Baba Leti.”

“Naam.”

“Umekula mkono wa msalaba.”

Nikasema ili acheke, “Wa kulia au wa kushoto?”

“Wa kulia,” akasema. Hakucheka.

Akakaa juu ya mzigo akiuangalia mlango wa mgahawa. Nilidhani amekasirika. Kumbe anafanya kazi. “Hoteli za stendi kwetu,” akaniambia, “wahudumu wake wanakula wapi?”

“Kwako.”

“Wanajua bei ya kwao, ndiyo maana. Na huyu binti ana tumbo kama wewe, atatuonyesha wanakokula.”

Tukangoja. Jua lilipofika katikati yule binti akavua aproni, akatokea mlango wa nyuma. Conjesta akajitwika debe. “Twende.”

Tulimfuata kwa mbali kama watu wanaotafuta kuku. Tukapita mashine ya kusaga, tukapita fundi baiskeli, tukafika kwenye banda la mabati lenye moshi. Makuli walikaa kwenye mabenchi, wafagiaji, madereva wa malori. Mpishi alikuwa mmoja, mwanamke mnene, wakamwita Bana Mulenga, yaani mama yake Mulenga. Conjesta akauliza bei kwa vidole kabla hajakaa. Akajibiwa kwa vidole. Akakaa. Ugali, maharage, mboga ya karanga. Tulishiba wote wawili kwa hela ya ile chai peke yake.

Mbele yetu alikaa mzee mmoja, mikono yake ina chokaa. Alitusikia tunaongea.

“Tanzania?” akauliza kwa Kiswahili. Jina lake Bwalya. Alijifunza kwa wenzake wa reli zamani, sasa ni fundi wa kujenga.

“Makambako,” nikamwambia.

“Makambako kwenye baridi.” Akacheka peke yake. “Nilifanya kazi na mtu wa huko. Alivaa koti mwaka mzima, hata jua likiwaka. Anasema baridi ya kwao inaweza kumfuata. Lenard.”

Tonge la Conjesta lilibaki hewani.

“Lenard ni kaka yangu,” akasema.

Mzee akafuta mkono kwenye suruali, akampa. “Jeneza lake nilishika mimi, upande wa miguu.”

Akatupeleka makaburini. Ni mengi pale, na tulikuwa hatujui pa kuanzia. Bwalya alikwenda moja kwa moja, hakugeuka kushoto wala kulia. Palikuwa na tuta dogo lenye nyasi. Msalaba wa mti haukuwepo. Mama mkwe wangu alisema kweli. Conjesta akapiga magoti akang'oa nyasi zote kwa mkono, akazifunga kitita kama za kuezekea. Ndipo akasimama akamwambia Bwalya tulichokuja kufanya, na hela tuliyobaki nayo.

Mzee akapiga hesabu kichwani. Mfuko mmoja na nusu. “Itatosha jiwe zuri,” akasema. “Msalaba hapana. Mikono inataka simenti.”

“Jiwe halina mikono.”

“Mama, jiwe litakuwa na jina.”

“Lenard alibatizwa. Atakuwa na mikono miwili. Fundi, nipe siku tatu.”

Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Kesho yake asubuhi Conjesta hakuenda kuomba kwa mtu. Alikwenda kwenye lile banda na debe lake. Alishaona jana kwamba saa sita watu wanasimama, mikono ya Bana Mulenga haitoshi. Akafunga kitenge, akachukua mwiko. Bana Mulenga akashika kiuno. Akamwambia Bwalya jambo, Bwalya akatafsiri akiwa anajizuia kucheka.

“Anasema, mwambie mgeni maharage yake yana rangi ya matope.”

“Mwambie ale matope kwanza, matusi atatoa akishashiba.”

Bana Mulenga akaonja. Akaketi. Akajipakulia sahani, akaimaliza, akajipakulia nyingine. Toka hapo hawakutafsiriwa tena, walielewana kwa miiko.

Siku ya pili foleni ilifika kwenye mashine ya kusaga. Mimi nilichota maji na kupasua kuni. Tulikula hapo hapo bila kulipa, tukalala kwenye mkeka nyumbani kwa Bwalya. Yule binti wa mgahawa alikuja kila mchana. Siku moja akamuuliza Bwalya mbona yule mzee harudi kula mayai. Conjesta akamjibu, “Mwambie ni matamu sana, ila yana nondo ndani.” Binti alipotafsiriwa akacheka mpaka akakohoa. Akanipa nyama yake.

Siku ya tatu jioni Bana Mulenga akamshika Conjesta mkono, akaweka ndani sehemu yake ya mauzo, akaufunga. Conjesta akataka kurudisha iliyozidi. Yule mama akampiga kofi la begani, akaondoka. Tukaenda dukani jua halijazama. Tukapata nusu mfuko, na rangi nyeupe kopo dogo. Niliubeba mimi. Nilikuwa na miaka sitini na nane, na nina kovu la henia. Sijawahi kubeba mzigo mwepesi kama ule.

Bwalya aliusuka msalaba kwa siku mbili. Simenti ikiwa mbichi akachukua msumari aandike. Conjesta alikuwa na karatasi ya katekista wa kwetu yenye jina na mwaka. Hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini aliishika karibu na msumari, akafuata kwa kidole, hii na hii, hii na hii, kama anachambua mchele. Penye herufi ya tatu akasema, “Simama. Ya kwako mguu wake umepinda.” Bwalya akaitazama, akafuta, akaandika upya.

Kwetu waliosimika msalaba hula pale pale kaburini. Conjesta akapika sufuria mbili, maharage yote yaliyobaki. Walikuja makuli, wafagiaji, madereva, Bana Mulenga na watoto wake, na yule binti akiwa na aproni yake. Watu kama arobaini, kwa mtu waliyekuwa hawamjui isipokuwa mmoja. Bwalya akaanzisha wimbo wa kanisani kwa Kibemba. Tuliujua. Tukauimba kwa Kibena, na tukamaliza pamoja.

Msalaba ulikuwa mweupe, unamfika mtu kifuani. Katika makaburi yote ya mstari ule ndio uliokuwa mrefu kuliko yote. Conjesta akausogelea. Akaweka kiganja juu ya mkono wa kulia, akaupapasa mpaka mwisho wake. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na mtu aliyekaa jikoni kwake:

“Lenard, kaka, mikono yote miwili ipo. Hata ule shemeji yako alioula.”